Fahali wawili katika zizi la laptopu

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Ukweli wa maneno hayo utauona siku utakapochomeka kipanya kwenye laptopu na kuanza kupiga chapa, ilhali kile kibao cha kugusa kilicho chini ya vitufe kingali macho.

Unaandika sentensi ya pili ya barua, mara herufi zinaruka na kujipachika katikati ya sentensi ya kwanza. Wakati mwingine aya nzima hujichagua yenyewe, na herufi unayoibonyeza inaifuta yote.

Wengi hudhani mashine imeingiwa na virusi, wakakimbia kwa fundi. Kumbe mkosaji ni kiganja chao wenyewe.

Kibao hicho hakingoji kushinikizwa. Ndani yake mna nyaya nyembamba mno zenye umeme kidogo. Kidole kikigusa, umeme huo hubadilika na mashine ikajua kidole kiko wapi. Taabu ni kwamba kiganja nacho huubadilisha umeme vilevile. Laptopu za siku hizi hujaribu kutofautisha viwili hivyo, lakini si kila mara hufaulu, hasa mikono ikiwa na jasho au maji. Na mvua ya Kisii na Nyamira, nani asiyeijua?

Alama za watoto

Jambo hili laweza kuonekana dogo. Lakini hebu mfikirie mwalimu wa Sekondari Msingi pale Keroka, mji ulio mpakani mwa kaunti hizo mbili, akiingiza alama za wanafunzi katika tovuti ya Baraza la Mitihani, KNEC. Majina ni mengi, macho yamechoka na usiku ni mkubwa. Mshale ukiruka kidogo tu, alama ya mtoto mmoja huangukia kisanduku cha mwenzake.

Alama hizo si mchezo. Kundi la kwanza la mtaala mpya lilipofanya tathmini ya KJSEA mwaka wa 2025, mtihani wenyewe ulibeba asilimia 60. KPSEA ya Gredi ya 6 ilibeba asilimia 20, na asilimia 20 iliyosalia ikatokana na alama za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Ni matokeo hayo yaliyotumiwa kuwapangia watoto shule za Gredi ya 10. Kisanduku kimoja kikikosewa, anayeumia ni mtoto ambaye hata hakuwepo kosa lilipotendeka.

Namna ya kukizima

Dawa haina gharama. Kwenye Windows 11, bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi I. Ingia 'Bluetooth & devices', kisha 'Touchpad'. Fungua mstari wa kwanza, uondoe tiki kwenye maneno 'Leave touchpad on when a mouse is connected'. Hapo unaiambia mashine isikiache kibao kikifanya kazi kipanya kinapokuwepo. Wenye Windows 10 wataanzia 'Devices' badala yake.

Kwa Mac, nenda 'System Settings', 'Accessibility', kisha 'Pointer Control', na uwashe 'Ignore built-in trackpad when mouse or wireless trackpad is present'.

Usipoyaona maneno hayo, tazama safu ya juu ya vitufe. Laptopu nyingi zina kitufe chenye picha ya kibao kilichokatwa kwa mstari. Kibonyeze, au ukibonyeze pamoja na Fn. Kumbuka kwamba ukikizima kwa njia hii, kibao hakitaamka chenyewe kipanya kikiondolewa. Utabonyeza tena.

Neno la tahadhari

Wenye kipanya kisicho na waya, sikilizeni. Betri yake ikiisha, kile kidude kilichochomekwa bado huihadaa mashine kwamba kipanya kipo. Utabaki bila kipanya na bila kibao. Usitaharuki. Chomoa kidude hicho, na kibao kitaamka.

Na ikiwa laptopu ni ya kuazima au ni ya saiba, mwombe mwenyewe ruhusa, na urejeshe mambo yalivyokuwa kabla hujaondoka. Atakayekuja nyuma yako asije akadhani imeharibika.

Mwisho, mwalimu wangu, kuzima kibao kusikufanye uache kukagua. Kabla ya kutuma alama, mwite mwenzako akusomee majina kutoka kwenye karatasi nawe ufuatilie kwenye kioo. Mtoto wa watu hana njia ya kujua ni wapi mshale uliruka.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.