Kikundi cha Rika Shuleni: Majibu kwa Wanaokipinga

Kila nikitaja kikundi cha rika, ambamo wanafunzi husikilizana wao kwa wao, katika chumba cha walimu, napingwa kwa hoja zilezile. Naziheshimu, maana wanaozitoa wanawapenda wanafunzi. Hata hivyo hazinishawishi.

"Mtoto atamshauri nini mtoto mwenzake?" Hamshauri. Kazi yake ni kusikiliza bila kuhukumu na kujua ni wakati gani wa kumfuata mwalimu wa ushauri nasaha. Msichana wa kidato cha pili asiyepata usingizi kwa sababu wazazi wake wanaachana hataanza kwa kubisha hodi ofisini. Ataanza kwa mwenzake wa kitanda cha juu bwenini, tupende tusipende. Kilichobaki mikononi mwetu ni kumwandaa huyo wa kitanda cha juu.

Tena Kenya jambo hili limepimwa. Utafiti wa programu iitwayo Shamiri, uliochapishwa mwaka 2021, uliwahusisha wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona au wasiwasi. Waliokutana kwa vikundi vya Shamiri walifanya hivyo mara nne, saa moja kila wiki, wakiongozwa na vijana waliomaliza sekondari karibuni. Dalili zao zilipungua kuliko za wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Nakubali, viongozi wale waliwazidi wanafunzi umri kidogo na walikuwa na wasimamizi. Ndiyo maana sikubali kikundi kisicho na mwalimu nyuma yake.

"Siri zitavuja." Hoja hii ndiyo inayoninyima raha. Niliwahi kuona neno lililosemwa Jumatatu likizunguka mabweni yote kufikia Jumatano, na mvulana aliyelisema hakurudi kikundini tena. Tulisimamisha mikutano kwa mwezi mzima. Tuliporudi tulikuwa kumi tu, na kila kikao kilifunguliwa kwa ahadi moja: yanayosemwa hapa yanabaki hapa, isipokuwa mtu akitaka kujidhuru au akiwa anadhulumiwa. Mambo hayo mawili humfikia mtu mzima siku hiyohiyo, na mwanafunzi analijua hilo kabla hajafungua kinywa. Mwalimu akikwama, ipo namba 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, Kenya na Tanzania.

"Kinakula muda wa masomo." Dakika 40 kwa wiki, baada ya michezo. Anayekaa darasani huku moyo wake uko nyumbani amepoteza muda zaidi ya huo.

"Watakaa kuwasengenya walimu." Huenda. Mwalimu msimamizi atatofautisha porojo na malalamiko, na malalamiko mengine ni ya haki. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Mwanafunzi akisema bado anachapwa, hajamsengenya mtu.

Mwalimu mwenzangu, muhula ujao tafuta wanafunzi kumi, chumba chenye mlango unaofungika, na mtu mzima mmoja mwenye subira. Anza na hao.