Sondaje ya picha haiko kura

Siku hizi wiki haipite bila linki kuingia mu grupu: picha mbili za bakubwa, moja pembeni ya ingine, "Bonyeza ule unamutaka." Jioni, picha ya asilimia inaanza kuzunguka, na kambi moja iko tayari inasherehekea.

Wandugu, tuseme wazi. Programu inayoendesha ile sondaje haijue weye ni nani, haijue kama uko Goma ao Bruxelles, haijue kama una miaka 12. Inaacha tu alama ndogo mu simu yako, kuki. Uifute, unapiga tena. Wengine wanazuia kwa adresi ya intaneti, lakini hiyo pia inaumiza watu bure, juu simu nyingi za mtandao mmoja zinaweza kutoka na adresi moja, sawa vile watu wote wa siberi moja. Jirani akishapiga, weye unafungiwa mlango. Na ule anajua kuandika programu ya kubonyeza anapiga mara maelfu akiwa amelala. Mama wa sokoni, mwenye simu ya matoshi, hayuko mu hesabu hata kidogo.

Mwaka 2009 gazeti TIME la Marekani liliomba watu wachague kwa intaneti wenye ushawishi duniani. Vijana wa 4chan wakaingiza programu zao: muanzilishi wao, Christopher Poole, akatoka wa kwanza na kura zaidi ya milioni 16, na herufi za kwanza za majina 21 ya juu zikaandika mzaha wao. TIME, na mainjinia wake wote! Sembuse linki ya grupu.

Kwetu hatari ni hii: kesho mtu atasimama na ile picha aseme "raiya walishachagua." Hapana. Ushahidi wa kura ni fishi ya matokeo inayobandikwa ku biro ya kura, kama sheria inavyoomba. Njo ile tupige picha, njo ile tutume.

Kuchagua afishi ya mkutano kwa sondaje, sawa, haina neno. Lakini zile za "mrembo wa fakilte", picha zimechotwa ku profili za wadada bila ruhusa, mufute leo. Zuckerberg alifanya hivyo Harvard mwaka 2003 na Facemash, ikafungwa kisha siku chache.

Na ule anatuma picha za wanasiasa aandike: watu wangapi wamepiga, simu moja inapiga mara ngapi, inafungwa lini, nani anaiendesha. Asipojibu, linki yake isitoke mu simu zetu.