Mjomba ametuma jeshi kwenye boksi, sasa litapigana wapi?

Boksi lilifika Tabata katikati ya likizo, limebebwa na mgeni aliyetoka Uingereza. Ndani kulikuwa na askari wadogo wa plastiki, bado wameshikana kwenye fremu zao, dadu za kutosha, kitabu cha sheria na rula. Ilikuwa zawadi ya mjomba kwa mpwa wake wa miaka 13, ambaye tangu shule zifungwe alikuwa amelala kwenye kochi na simu ya mama yake.

Kesho yake saa nne asubuhi kijana akamfuata baba.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Si ulishaniamkia saa moja? Sema unataka nini."

"Tunahitaji uwanja, baba. Futi sita kwa nne."

"Wa mpira?"

"Wa mezani."

Baba akageuka kuitazama meza ya kulia chakula, ambayo ni moja tu na ina watu wake. Mama naye akauliza kutoka jikoni: "Na huyu mdogo wako anayekula mpaka vifungo vya shati, umemfikiria?" Mdogo huyo ana mwaka mmoja na nusu. Kijana mwenyewe ana pumu.

Mzazi ambaye hajawahi kuiona michezo hii anaweza kudhani ni drafti lenye mbwembwe. Tofauti ni kwamba drafti lina miraba, na kizibo cha soda kinatoka mraba mmoja kwenda mwingine. Huku hakuna miraba. Askari anasogezwa kwa kupimwa inchi kadhaa, anajificha nyuma ya kilima au nyumba ya boksi, halafu dadu ndizo zinazoamua kama amepata au amekosa. Kwa hiyo uwanja wenyewe ni nusu ya mchezo. Ukiwa na mawimbi, askari wanaanguka. Ukiwa mkubwa kuliko chumba, mchezo hauchezwi, na boksi linarudi juu ya kabati mpaka mjomba aje kuuliza.

Tatizo la mahali pa kuchezea si geni. Mwaka 1812 ofisa wa Prussia, von Reisswitz, alimpelekea mfalme wake mchezo wa vita uliojengwa kama meza yenye droo. Ndani ya droo mlikuwa na vipande vya ardhi vya kupanga upya kila mara: mto huku, kijiji kule. Mchezo ukiisha, vyote vinarudi ndani. Miaka 101 baadaye mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha sheria za vita vya askari wa kuchezea, naye na marafiki zake walicheza sakafuni, wazee wazima wamepiga magoti. Leo jina linalojulikana zaidi ni Warhammer, lililoanza 1983 na kutengenezwa na kampuni yenye makao yake Nottingham. Kati ya droo za Reisswitz na sakafu ya Wells ndipo familia nyingi zinapolazimika kuchagua.

Futi sita kwa nne ni kipimo cha zamani na bado kinatumika katika michezo mingi. Si amri, hata hivyo. Toleo la Warhammer 40,000 la mwaka 2020 lilitaja inchi 44 kwa 60 kama kipimo cha chini cha pambano la kawaida, na inchi 44 kwa 30 kwa majeshi madogo, yaani kama sentimita 112 kwa 76. Hiyo inaenea kwenye meza nyingi za kulia chakula. Kill Team, ambao ni mchezo wa kikosi cha watu wachache, unahitaji takriban inchi 22 kwa 30. Upo pia mchezo wa majeshi ya kale uitwao De Bellis Antiquitatis, wa tangu 1990, unaochezwa kwenye mraba wa futi mbili kwa mbili, na kila upande una vikosi 12 tu. Anayeanza hana haja ya uwanja wa futi sita. Askari wa boksi la kwanza wakimwagwa kwenye uwanja huo watapotea kama kuku uwanja wa ndege.

Kuna sababu ya kiafya ya kupenda udogo. Futi nne za upana zinamfaa mtu mzima, kwa sababu kila mchezaji anafika katikati, futi mbili, bila shida. Mtoto wa miaka tisa au kumi hafiki. Atalalia meza, atainama amekunja mgongo, na pambano moja linaweza kuchukua saa mbili. Meza ya kulia ina kimo cha sentimita 75 hivi, na huo ni urefu wa mtu aliyeketi. Anayecheza amesimama anastarehe zaidi kwenye urefu wa meza ya jikoni, karibu sentimita 90. Kama uwanja utakaa kwenye meza ya chakula, watoto wakae na wainuke pale tu wanapofika zamu yao. Kama utakaa sakafuni, mkeka na mto wa kupigia magoti vitasaidia, ila hapo mdogo wa mwaka mmoja na nusu anakuwa amekaribishwa rasmi vitani.

Sasa ubao wenyewe. Duka la vifaa vya ujenzi linauza plaiwudi kwa karatasi ya futi nane kwa nne. Fundi seremala akiikata mara tatu anapata vipande vinne vya futi mbili kwa nne. Vitatu vikipangwa ubavu kwa ubavu ni uwanja kamili wa futi sita kwa nne. Viwili vinatosha inchi 44 kwa 30. Kimoja peke yake kinatosha Kill Team, na kikiwekewa alama katikati ni viwanja viwili vya ule mchezo wa futi mbili. Vyote vinne vinalala uvunguni mwa kitanda. Kipande cha unene wa milimita 9 mtoto wa miaka 13 anakibeba mwenyewe, na hilo ni muhimu kuliko linavyosikika, kwani ubao unaohitaji watu wazima wawili kuutoa utatolewa Krismasi na Idi tu.

MDF ni laini na imenyooka kuliko plaiwudi, na mafundi wanaipenda. Kwa mji wenye unyevu kama Dar es Salaam inavimba ikipata maji na hairudi. Lakini lililo kubwa ni vumbi. Vumbi la mbao liliwekwa na taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, tangu 1995. Gundi inayoshikanisha MDF nyingi ina fomaldehaidi, ambayo iko kundi hilohilo. Hatari hiyo inawahusu zaidi mafundi wanaolivuta kila siku kwa miaka, si familia iliyokata ubao mmoja. Kwa mtoto mwenye pumu, hata hivyo, asubuhi moja ya msumeno na msasa kwenye korido inatosha kumtafutisha inhela. Kazi yote ya kukata na kupiga msasa iishie kwa fundi, kingo zote zikiwemo, na ubao ufutwe kwa kitambaa kibichi kabla haujaingia ndani. Mzazi atakayesema "tutamalizia nyumbani" anajitafutia.

Wengi hukimbilia lile povu gumu jeupe linalofungiwa runinga na friji, kwa sababu ni la bure na jepesi. Linafaa kwa vilima. Kwa uwanja mzima linabonyea, na likikatwa linatoa punje nyeupe zinazosambaa nyumba nzima na kumfurahisha mtoto mdogo kupita kiasi. Likatwe nje, kwa kisu kikali kilichoshikwa na mtu mzima. Zile video za kulikata kwa waya wa moto haziwaambii watoto kwamba moshi wake unawasha macho na koo, na haufai kuvutwa ndani ya chumba. Rangi ya kupuliza ya mkebe nayo inaliyeyusha povu hilo, na kilima cha mtoto kinageuka shimo machoni pake. Ni bora kulipaka kwanza gundi nyeupe ya maji, likauke, halafu rangi ya maji kwa brashi.

Rangi ya kupuliza kwa ujumla ni ya nje ya nyumba. Hata dirisha likiwa wazi, mvuke wake unakaa chumbani, na kwa mwenye pumu ni kichochezi kinachojulikana. Mvuke wa supaglu, inayotumika kuunga mikono na vichwa vya askari, nao ni hivyohivyo. Kibarazani, upepo ukivuma kutoka kwa mtoto kwenda mbali naye, na si chini ya dirisha la jirani.

Kuna wanaobandika mchanga juu ya ubao ili ufanane na ardhi. Unapendeza sana kwenye picha. Ndani ya miezi michache mchanga unaanza kubanduka, unakwaruza rangi za askari na kuongeza vumbi kitandani ambako ubao unahifadhiwa. Kwa nyumba yenye pumu, kitambaa kinachofulika ni bora. Blanketi la kijani au shuka nene likitandikwa juu ya vitabu vichache linatoa vilima vya haraka, na mchezo ukiisha linakwenda kwenye ndoo. Wenye uwezo huagiza mkeka wa mpira laini, ule wa aina ya kuwekea kipanya cha kompyuta: unakunjwa, unafutika, na dadu hazipigi kelele juu yake. Ukiwa mpya una harufu, uachwe kibarazani siku mbili tatu kwanza.

Njia ya tatu iko mtaani na wachache wameifikiria. Maduka yanayochapa mabango ya kitchen party na send-off yanaweza kuchapa picha ya nyasi au udongo iliyopigwa kutoka juu, kwa kipimo chochote. Mtoto anaweza kuipiga picha hiyo mwenyewe uwanjani kwao. Bango linang'aa kidogo na linateleza, lakini likibanwa juu ya plaiwudi linafanya kazi.

Ubao ukizidi meza, usiachwe uning'inie huru. Mtoto anayejifunza kutembea hushika kingo za vitu ili ainuke, na ubao utamshukia kichwani na jeshi zima. Fundi apigilie fito nyembamba upande wa chini ili zikabane na kingo za meza, au uwekwe mpira usioteleza katikati. Ukitokeza sana hata kwa fito, basi ni mkubwa kwa meza hiyo.

Kuhusu mdogo na mdomo wake, kipimo rahisi ni kile kiini cha karatasi ya chooni: kinachopita ndani yake kinaweza kumpalia mtoto wa chini ya miaka mitatu. Askari hawa wengi wana kimo cha sentimita tatu hivi, na kabla hawajaungwa wako vipande vipande. Mikono, vichwa, mapanga, dadu, vyote vinapita. Mchezo uchezwe mdogo akiwa amelala au ana mtu, na sakafu ifagiliwe kabla hajaachiwa.

Lakini kipande cha kuogopwa kuliko vyote kwenye mchezo huu ni sumaku. Wachezaji wengi huweka sumaku ndogo zenye nguvu kwenye mikono ya askari ili wabadilishe silaha, au chini ya miguu yao ili washike kwenye sahani ya chuma. Mtoto akimeza mbili, au moja na kipande cha chuma, zinaweza kuvutana kupitia kuta za utumbo na kuubana mpaka utoboke. Dalili za mwanzo ni tumbo kuuma na kutapika, kama ugonjwa wowote wa kawaida, na wengine hawaonyeshi dalili mapema. Mzazi akishuku tu kwamba sumaku imemezwa, asimtapishe na asisubiri ionekane chooni. Ni hospitali yenye eksirei, saa hiyohiyo, na aseme neno sumaku mapokezini.

Mjomba akileta askari wa chuma wa zamani, wa miaka ya 1970 au 1980, ajue kwamba wengi waliyeyushwa kwa mchanganyiko wenye madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini. Hao wabaki kwenye kabati la kioo.

Kule Tabata, baba alisema futi sita hapana. Fundi wa jirani alikata karatasi, akapiga msasa kazini kwake, na vipande viwili vikaja nyumbani; viwili vingine baba amevigeuza rafu za stoo, akidai ni vya muda. Sumaku ziko kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, na ufunguo wa chumba anao mama. Mchezo unaanza saa nane mchana, mdogo akishalala, na unasimama akiamka, hata kama dadu ziko hewani. Jumapili iliyopita baba alipoteza vikosi vitatu kwa sababu alipima kwa sentimita badala ya inchi, na kijana alikataa kumrudishia.