TAHARIRI: Apu ya kutuliza akili isiachiwe kazi ya daktari

UKIMUULIZA kijana wa Pipeline, Bamburi au Nakuru anaendeleaje, atakujibu yuko poa. Simu yake ndiyo inayojua ukweli. Saa nane usiku usingizi umegoma, na sauti ya upole inamwambia kwa Kiingereza avute pumzi, aishike kidogo, kisha aiachilie polepole.

Programu hizi za kutuliza akili, au apu kama tunavyozoea kuziita, zimekuwa kimbilio la vijana wengi wa mjini wanaopambana na mfadhaiko. Hatuna ugomvi nazo. Tunachopinga ni kuona kijana mgonjwa akiachiwa simu pekee imtibu, na wenye wajibu wa kumhudumia wakikaa kando.

Kwanza tuzipe haki yake. Mazoezi yaliyo ndani ya apu kama Headspace, iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2010, na Calm, iliyofuata Marekani mwaka wa 2012, hayakuzuka tu. Mnamo 1979, Jon Kabat-Zinn wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Waliketi, wakafuata pumzi zao na kujifunza kulitazama wazo likija na likipita bila kuvutana nalo. Baadaye wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale wakayageuza kuwa tiba ya watu wanaorudiwa na mfadhaiko. Mwaka wa 2004, taasisi ya NICE inayotoa mwongozo wa matibabu Uingereza iliipendekeza kwa waliowahi kuugua mara tatu au zaidi.

Sababu ya kusaidia inaeleweka. Akili yenye mfadhaiko hucheua wazo lile lile kama ng'ombe anavyocheua majani: nilifeli, sina maana, hakuna anayenijali. Zoezi la pumzi hukufundisha kugundua kwamba umeanza kucheua, ukaacha.

Lakini angalia masharti. Tiba hiyo ilikuwa ya wiki nane, kikundini, mbele ya mkufunzi, na lengo lake kuu lilikuwa kumkinga aliyepata nafuu asirudi alikotoka. Hali hiyo iko mbali na ya kijana aliyejifungia kwenye bedsita bila kazi, hajala tangu jana, na simu imebaki na asilimia tano ya chaji.

Mfadhaiko wenyewe humnyang'anya mtu nguvu ya kuanza jambo, na ya kuliendeleza. Utafiti wa mwaka wa 2019 uliofuatilia matumizi ya apu 93 za afya ya akili ulipata kwamba kufikia siku ya 15, kwa apu ya wastani, chini ya watu wanne katika kila 100 walioipakua walikuwa bado wanaifungua. Apu inatuma ujumbe, unaupuuza, halafu unaanza kujilaumu kwamba hata kupumua kumekushinda. Haitabisha mlango kukuuliza mbona umepotea.

Kuna pia suala la siri zako. Mwaka wa 2023, tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitoza kampuni ya BetterHelp, inayotoa ushauri nasaha mtandaoni, dola milioni 7.8 kwa kupeana taarifa za wateja kwa kampuni za matangazo. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini ni wangapi husoma masharti kabla ya kubofya "nakubali"?

Basi kwa nini vijana wanakimbilia simu? Kikao kimoja na mshauri wa kibinafsi mjini hugharimu maelfu ya shilingi. Nyumbani ukisema akili imechoka, unaambiwa uombe, ama ukaze roho, ama unataniwa kwamba safari ya Mathari imefika. Sheria nayo ilitia hofu. Hadi Mahakama Kuu ilipoamua Januari 2025 kwamba Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mhalifu. Simu haikucheki wala haikushtaki. Ndiyo maana inaaminika kuliko watu.

Lakini watu hawa si lazima wawe maprofesa, na huduma yao si lazima iwe ghali. Hapa Kenya, shirika la Shamiri limewafunza vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikao vya wanafunzi katika makundi madogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry yalionyesha kwamba dalili za mfadhaiko na wasiwasi zilipungua. Zimbabwe ilianza mapema zaidi. Tangu 2006, nyanya waliopewa mafunzo huketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, wanasikiliza, kisha wanatafuta suluhu pamoja. Hata huduma za mtandaoni, tafiti nyingi zinaonyesha, hufanya kazi vizuri zaidi pale ambapo kuna binadamu anayefuatilia.

Kwa hivyo serikali isijifiche nyuma ya teknolojia. Jopokazi la afya ya akili lilipendekeza mwaka wa 2020 kwamba tatizo hili litangazwe dharura ya kitaifa. Mwaka wa 2022, sheria ya afya ya akili ilifanyiwa marekebisho na kaunti zikapewa wajibu wa kuleta huduma karibu na wananchi. Karatasi tunazo za kutosha. Kinachokosekana ni mshauri katika zahanati ya mtaani, ambaye kijana anaweza kumfikia kwa miguu.

Kuna pa kuanzia. Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wamepewa vifaa na simu za kuwafuatilia wananchi nyumba kwa nyumba. Wakifika kupima presha na sukari, wafunzwe pia kuuliza usingizi wa kijana ukoje, anakula, na bado anafurahia alichokuwa akikipenda? Simu zile zile zitumike kumpigia simu baada ya wiki. Hapo teknolojia itakuwa na mtu nyuma yake.

Nawe msomaji, kama dakika kumi za apu zinakutuliza kabla ya kulala, endelea. Ila ukikaa wiki mbili na huzuni karibu kila siku, hamu ya mambo imeisha, usingizi na chakula vimevurugika, usibadilishe apu. Nenda kituo cha afya ukaonwe. Tena mwambie mtu mmoja unayemwamini, awe dada, kocha au jirani, hata kwa ujumbe mfupi: "Siko sawa, nisindikize." Na mawazo ya kutotaka kuishi yakija, usingoje asubuhi. Piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu isiyotozwa malipo, au mwamshe aliye karibu nawe.

Bajeti za kaunti hujadiliwa kila mwaka na umma hualikwa kutoa maoni. Vijana hujitokeza wakidai viwanja na maabara za kompyuta. Safari hii tuongeze swali moja: mshauri wa akili katika zahanati yetu ataanza kazi lini?