Mkimbizi Mgonjwa Asigawanywe Vipande Viwili

Umezoeleka mtindo katika kambi za wakimbizi na sehemu zilizokumbwa na maafa ambao hauna budi kukemewa waziwazi. Ni mtindo wa kumchukua mgonjwa mmoja na kumgawa. Sukari yake na shinikizo lake la damu hukabidhiwa shirika moja, lenye mganga wake, daftari lake na dirisha lake la dawa. Huzuni yake, hofu yake na kukosa kwake usingizi hukabidhiwa shirika jingine, lenye hema lake na siku zake za kazi. Fedha zinapopungua, hema hilo la pili huonekana kuwa anasa. Husemwa kwamba watu watibiwe miili kwanza, mambo ya mawazo yatafuata baadaye.

Hoja hiyo haina msingi, na wanaolipa gharama yake ni wale wasio na sauti.

Chanzo cha upotofu huo ni fikra ya zamani kuhusu maafa. Kwa muda mrefu huduma za dharura zilipangwa kwa ajili ya majeraha, kipindupindu na surua, yaani maradhi ambayo humwua mtu au humwacha katika muda mfupi. Lakini mkulima anayekimbia vita hukimbia pamoja na kisukari chake, pumu yake au kifafa chake. Maradhi hayo hayangoji amani. Na kambi zenyewe hazifungwi upesi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokuwa wakiikimbia vita katika nchi iliyoitwa Zaire. Mwaka 2015 ikawapokea maelfu ya Warundi. Mtoto aliyezaliwa humo mwanzoni sasa ni mtu mzima. Nani atathubutu kuiita hali hiyo dharura ya wiki chache?

Haina budi ieleweke kwamba katika ugonjwa wa kudumu mganga wa kila siku ni mgonjwa mwenyewe. Yeye ndiye anayekumbuka kidonge cha asubuhi, anayejichoma sindano, anayepunguza chumvi katika mboga, anayekwenda kliniki tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mtu aliyeona nyumba yake ikiteketea na wanawe wakitawanyika, asiyelala wala kuona sababu ya kuamka, ataifanyaje kazi hiyo? Kumpa vidonge vya mwezi mzima na kuipuuza akili yake ni kukabidhi dawa kwa mganga ambaye naye amelazwa.

Sayansi inathibitisha jambo hilo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika sehemu zenye vita, mtu mmoja kati ya kila watano ana tatizo la afya ya akili. Wenye kisukari hupatwa na sonona kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wasio nacho. Mtu akiishi katika hofu, mwili wake humwaga homoni zinazopandisha sukari na msukumo wa damu. Upande wa pili nao una deni lake: baadhi ya dawa za maradhi makubwa ya akili huongeza uzito na sukari, na wenye maradhi hayo hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wengine, wengi wao kwa maradhi ya mwili ambayo hakuna aliyejali kuyapima.

Mfano wa Dadaab, nchini Kenya, unatosha kufundisha. Kwa kuwa wakimbizi hawakuwa na majokofu, wagonjwa waliohitaji insulini walilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa sindano. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva waliipima dawa hiyo katika joto la kambi lenye kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba hubaki na nguvu yake kwa wiki nne. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, kwani dawa sasa ingeweza kukaa nyumbani kwa mgonjwa. Lakini nyumbani ndiko yanakomsubiri majonzi. Dawa ikipelekwa huko bila faraja, nusu ya kazi imeachwa njiani.

Wapo watakaodai kwamba mpango wa kuziunganisha huduma hizi ni ndoto, kwa kuwa wataalamu wa akili ni wachache. Uchache huo ni wa kweli. Kuufanya kisingizio ndilo kosa. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa makazi ya watu mijini, na Umoja wa Mataifa ukakadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki au vyote viwili. Mwaka uliofuata, katika kitongoji cha Mbare mjini Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi na wanawake wazee 14, akawafundisha kuwasikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wa wagonjwa 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili zilipungua sana kwa waliosikilizwa. Baadhi yao walikuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, ugonjwa wa kudumu. Bibi na zahanati vilikuwa mahali pamoja.

Wengine watasema kila mfadhili ana hesabu zake, hivyo kila ugonjwa lazima uwe na daftari lake. Tangu lini mwili wa mwanadamu ukapangwa kufuata vitabu vya wahasibu wa nchi za nje? Mwezi Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada yake, ilidhihirika jinsi huduma zilizoegemea mfuko wa mtu mmoja zinavyoweza kukatika kwa saini moja. Upungufu wa fedha ndio sababu hasa ya kuunganisha: muuguzi mmoja, jalada moja, safari moja ya mgonjwa.

Kuunganisha si kumtwisha muuguzi yule yule mzigo wa pili kisha kumlaumu. Anahitaji mafunzo, msimamizi, dawa zisizokatika, na njia ya kumpeleka kwa mtaalamu yule aliyezidiwa. Mwongozo upo: Shirika la Afya Duniani na lile la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi waliutoa mwaka 2015 kwa wahudumu wasio mabingwa.

Suala hili si la wakimbizi peke yao. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliifunika Katesh, na shule zikawa makazi ya walionusurika. Siku kama hiyo mwalimu ndiye mwenye mlango na afisa wa wilaya ndiye mwenye orodha. Orodha inayouliza idadi ya mablanketi haina budi pia kuuliza nani amepoteza dawa zake za presha, na nani hajasema neno tangu amzike mwanawe. Mara nyingi majibu ya maswali hayo mawili yatakuwa jina moja.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 1948 ilitaja mwili, akili na jamii katika sentensi moja, na Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 likarudia. Waliotenganisha ni watendaji. Basi watendaji ndio wanaopaswa kuunganisha, na waanze kabla ya maafa yajayo.