Siri ya Bibi Haimo Chunguni

Mgeni akiingia katika hoteli kongwe ya mji mdogo, ile yenye picha ya mwanzilishi ukutani na benchi zilizong'aa kwa kukaliwa, hamalizi sahani ya pilau kabla hajauliza siri. Mwenyeji anatabasamu, anasema ni mkono wa bibi. Mgeni huyo anaondoka ameridhika, na akifika kwao anaieneza habari hiyo kama kweli tupu.

Siri gani? Bizari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu, pilipili manga: viungo hivyo vimejaa katika kila soko, Pangani mpaka Kilwa Masoko. Kitunguu kikaangwe mpaka kigeuke rangi, maji yatiwe kwa kadiri, makaa yapaliwe juu ya mfuniko. Katika mtaa huohuo wapo akina mama wanaopika pilau ya namna ile, na wengine wanaishinda. Mbona wao hawana hoteli ya miaka hamsini?

Hawana jengo. Fremu siku hizi mara nyingi inadaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla hata hujabandika sufuria. Familia yenye hoteli kongwe aghalabu inapikia kwake: mbele meza, uani jiko, pembeni vyumba vya kulala. Serikali ya Tanzania ilipotaifisha majumba mwaka 1971, sheria ililenga majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Kijumba ambamo mwenyewe alilala na kuuza chai hakikuguswa. Kilichomwokoa ni udogo wa nyumba. Ikaja 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, bidhaa za dukani zikawa za kutafutwa kwa tochi. Hapo mwenye ndugu wa kumletea gunia la mpunga alikuwa na la kupika. Mwenye mapishi matupu alikuwa na hadithi.

Asiyedaiwa kodi ndiye anayeweza pia kufungua daftari la madeni. Mwalimu na karani wa halmashauri wanakula mwezi mzima, wanalipa mshahara ukitoka. Wanarudi pale kwa sababu ndipo wanapoaminika, hata siku ambayo maharage yameungua kidogo.

Lakini nguzo kubwa kuliko zote haitajwi kabisa. Saa kumi alfajiri mke wa mwenye hoteli yuko jikoni. Binti anakuna nazi. Mkamwana anachambua mchele huku mtoto yuko mgongoni. Mpwa aliyeletwa kutoka kijijini eti aje kusoma anasugua masufuria. Hakuna hata mmoja anayelipwa mshahara, na hesabu ya faida inapigwa kana kwamba mikono hiyo ilishuka na mvua. Wali unauzwa rahisi kwa kuwa aliyeupika hakulipwa. Tunaliita jambo hilo umoja wa familia, tunalisifu, kisha tunatundika ukutani picha ya babu, ambaye huenda hakuwahi kushika mwiko.

Sikatai kwamba chakula ni kitamu. Kibaya kingewafukuza watu wiki ya kwanza. Ila utamu ni kiingilio tu, na kijana anayeshauriwa atafute mapishi ya nyanyake ili afungue mgahawa anapotezwa. Atamaliza mtaji kwenye kodi kabla wateja hawajamzoea.

Halafu siku hoteli inapofungwa, lawama zote ni za binti: ameshindwa kurithi mkono. Binti mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi. Ana mshahara, ana bima ya afya, na akijifungua sheria inampa siku 84 za likizo yenye malipo. Mama yake alijifungua, akarudi jikoni. Wanaomnung'unikia binti ni walewale waliokula kwa daftari miaka yote bila kuuliza mkuna nazi analipwa kiasi gani, na baadhi yao hata deni la mwezi wa mwisho hawajalimaliza.