Boost: Muuzaji Akamatwe, Mgonjwa Atibiwe



Wengi wetu tuna jamaa Bujumbura, na vijana wetu huenda huko kutafuta kazi. Mtaa wa Jabe unaujua, na jina la boost umekwisha kulisikia. Boost ni heroini iliyochanganywa na vitu vingine. Kuna wanaoivuta na kuna wanaojidunga sindano.

Mzazi akigundua mtoto wake anatumia, mara nyingi husema: "Wamfunge tu, atajifunza." Uchungu wako tunauelewa. Lakini fikiri jambo hili. Mwili uliozoea heroini, ukikaa wiki kadhaa bila kuipata, hupoteza mazoea. Kijana akitoka gerezani na kutumia kiasi kilekile cha zamani, anaweza kuacha kupumua akafa siku hiyohiyo. Kifungo peke yake hakimtibu.

Hatusemi sheria ilale. Anayeleta boost na kuiuza, akamatwe. Lakini mtumiaji anayeogopa kukamatwa hujificha, na huko mafichoni sindano moja hupita mikono mingi. Hapo ndipo virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini huenea, na virusi vya UKIMWI humfikia hata mke ambaye hajawahi kuigusa boost.

Matibabu yapo. Tanzania ilianza kutoa methadoni katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Kenya ilifuata mwaka 2014. Mgonjwa hunywa dawa hiyo kila siku mbele ya mhudumu. Maumivu ya kukosa heroini, yaani arosto, hutulia, naye huweza kurudi kazini na kwa familia yake. Huduma kama hii ndiyo tunayopaswa kuidai kwa ajili ya vijana wetu pia.

Kinga huanza nyumbani. Kijana anayekwenda mjini aambiwe ukweli kabla hajaondoka. Anayerudi akiwa mgonjwa asifungiwe mlango, wala asifungwe kamba. Mpeleke kituo cha afya.

Ukimkuta mtu haamki, anapumua polepole na midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, usimwache peke yake, tuma mtu amwite muuguzi haraka.

Mtoto wa jirani leo, kesho wako. Tusimzike mtu ambaye bado anaweza kutibiwa.